Mama Gwanda, Kamanda wa Kunawa Mikono

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika kumsindikiza dada yetu, familia inawaomba mkae vizuri kwenye viti vyenu, kwa sababu mwongozaji wa shughuli ametupa dakika kumi za kusoma historia hii na marehemu mwenyewe aliagiza zisitoshe. Anayewasomea ni mdogo wake wa mwisho, karani mpiga chapa mstaafu, ambaye alipewa kazi hii na marehemu akiwa kitandani, akaonywa asitie chumvi, asimpambe mtu, na asilie kabla ya ukurasa wa tatu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1950, saa kumi na moja alfajiri, katika nyumba ya tatu nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa baba aliyekuwa mpimaji wa mafuta kiwandani humo na mama aliyekuwa akishona mashuka nyumbani. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alitambaa akiwa na miezi mitano, akatembea akiwa na miezi tisa, na tangu hapo hakuna aliyemwona ametulia, kwani alikula amesimama, alisomea amesimama, na hata nywele alisukwa amesimama, mpaka msusi akalazimika kupanda juu ya kigoda. Wakorofi wa mtaa walisema amemwagiwa upupu. Baba alisema mwacheni, atachoka, na baba alifariki akiwa bado anasubiri achoke.

Alianza darasa la kwanza Januari 1958 katika shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara, shule hiyo hiyo ambayo tutairudia hapa chini kwa sababu nyingine, akamaliza Desemba 1964, na ripoti zake zote saba, ambazo familia inazo, zina maneno yale yale kwa miandiko ya walimu tofauti, kwamba ana akili lakini hakai. Mwaka 1966 alijiunga na chuo cha ushonaji, akahitimu Novemba 1967 kwa cheti cha daraja la kwanza, akiwa mwanafunzi pekee chuoni aliyeendesha cherehani ya kukanyaga akiwa wima, mguu mmoja chini na mwingine kwenye pedali.

Kuhusu kazi, marehemu alifungua kibanda cha ushonaji kwenye kibaraza cha nyumba yetu tarehe 5 Februari 1968, na alikuwa na mazoea mawili ambayo wasikilizaji wanaombwa wayashike, kwa sababu yalimponza na ndiyo hayo hayo yaliyomtetea. La kwanza, hakuwa na sanamu ya kupimia, kwa hiyo kila nguo aliikata kwa mwili wake mwenyewe, kisha akaipunguza au kuiongeza kulingana na mwili wa mteja. La pili, baada ya mteja mmoja kuapa mbele ya watu kwamba koti lake limeshonwa na fundi mwingine, marehemu alianza kushonea ndani ya kila nguo utepe mweupe wenye maneno ya uzi mwekundu, "Fundi wa nyumba ya tatu, nyuma ya kiwanda cha sabuni," na hakuna nguo iliyotoka mikononi mwake bila utepe huo, iwe sare ya shule, iwe gauni la harusi, iwe kitambaa cha meza.

Kwa utaratibu ndoa husomwa baada ya kazi, lakini bila mume wake sehemu ya kazi haieleweki, kwa hiyo tunaruka. Marehemu shemeji yetu alikuwa fundi redio, mtu mpole, wa maneno ya kuhesabika, ambaye mwaka 1975 alileta suruali ipunguzwe kiuno, akakaa kwenye benchi la kibarazani kuanzia asubuhi mpaka jioni bila kujitikisa, na dada yetu akamwambia mama kwamba hajawahi kuona mtu anayeweza kukaa hivyo, na kwamba akimwachia mwanamume huyo aondoke atajuta. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976, wakajaliwa watoto watatu, binti mkubwa mwaka 1978, ambaye ni muuguzi, wa kati mwaka 1980, ambaye ni dereva wa lori, na wa mwisho mwaka 1983, ambaye aliondoka mtaani hapa akiwa na miaka kumi na saba, akaapa kutorudi, na leo amerudi.

Tarehe 2 Februari 1984 jeshi la kigeni liliingia mjini kwetu bila kupigwa hata jiwe, maana wakubwa wetu walikuwa wameshatokea mlango wa nyuma siku moja kabla, na wageni hao wakaweka kambi katika ile shule ya msingi, wakakaa nasi mwaka mmoja na miezi minane na siku kumi na saba. Tuseme ukweli, hawakuwa wote wabaya, ila walikuja na sheria zao zimefungwa kwenye masanduku, na walizifungua zote kwa pamoja. Walipaka kila nyumba namba, yetu ikawa 417, kisha askari wao waliotafuta 417 wakapotea, wakaja kumuuliza dada yetu, naye akawaambia hajawahi kuisikia, lakini wakitafuta nyumba ya tatu nyuma ya kiwanda cha sabuni, ndiyo hii. Walipiga marufuku salamu za zaidi ya nusu dakika kwenye kizuizi cha barabarani, baada ya askari mmoja kuulizwa habari za asubuhi, za nyumbani, na kama mama yake mzazi hajambo, naye akaandika kwenye taarifa kwamba raia wanakusanya habari za siri kuhusu mama yake. Waliingia majumbani bila hodi. Walimzaba kofi muuza mikate mbele ya wanawe kwa sababu alicheka, na walibeba redio arobaini na mbili kutoka kibanda cha shemeji, zikiwemo za wateja, wakasema ni vyombo vya hatari.

Marehemu alikwenda mwenyewe ofisini kwa kamanda wao kudai redio hizo. Hakuzipata, lakini alirudi amemsoma yule bwana kuanzia kola hadi viatu, akatueleza kwamba kamanda naye hawezi kukaa, anakwenda dirishani na kurudi, mikono mgongoni, bega la kushoto limeshuka, na kwamba koti lake limeshonwa na mtu asiyempenda.

Ilipofika Aprili 1985, mpiga picha wa harusi wa mtaa wetu, ambaye alikuwa hana kazi kwa kuwa mikusanyiko ya watu zaidi ya kumi ilikatazwa na harusi ya watu kumi si harusi, alikwenda katika ofisi ya utamaduni ya jeshi hilo, akaomba kibali cha kutengeneza filamu ya kufundisha raia kunawa mikono, ambamo askari atakuwa ndiye mfano bora. Walifurahi sana. Kibali kilitoka kwa siku mbili, kimegongwa mihuri mitatu, pamoja na chumba kimoja cha darasa upande wa nyuma wa shule na ruhusa ya kushona magwanda kumi na mawili yanayofanana na yao, na hawakujua kwamba filamu yenyewe aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya kuwacheka wao, mwanzo hadi mwisho. Kazi ya magwanda ikaletwa kwa dada yetu, na utepe wake mweupe akaushona ndani ya kila moja, kwa mazoea tu, wala hakufikiri mara mbili.

Sasa lile zoea la kwanza likafanya kazi yake, kwa sababu gwanda la kamanda lilikatwa kwa mwili wa dada yetu, na siku ya kuvaa, kinyozi wa mtaa aliyechaguliwa kuwa kamanda hakuweza kulifunga hata kifungo kimoja, mwalimu aliyejaribu baada yake akakabwa na kola, na kitambaa kilikuwa kimekwisha. Mpiga picha alikaa chini ameshika tama, na mbele yake dada yetu alikuwa akienda dirishani na kurudi, pini mdomoni, akimfokea kinyozi kwa ukubwa wa tumbo lake, mpaka mpiga picha akainua kichwa na kusema, "Mama, hebu vaa wewe." Hivyo ndivyo mke wa fundi redio alivyokuwa kamanda, kinyozi akashushwa cheo kuwa sajenti, bibi muuza mkaa akawa bibi wa filamu, na shemeji, ambaye alikubali kwa sharti la kutosema neno, akawa askari wa kubeba beseni.

Walifanya kazi kuanzia Mei hadi Oktoba 1985, chini ya pua ya jeshi zima, na taabu yao kubwa ilikuwa mkaguzi wa ofisi ya utamaduni, aliyekuja bila taarifa kuhakikisha kwamba kweli watu wananawa. Bibi muuza mkaa alikaa mlangoni, akikohoa mara mbili mkaguzi ametokea, na palepale, wawe katikati ya jambo gani, shemeji alisogeza beseni na kamanda akanawa mikono. Kamanda anaingia kwa bibi kumkamata, bibi anamtoa nje arudi apige hodi kama watu, anapiga, anakaribishwa, anaulizwa habari za nyumbani kwao mpaka anasahau amekuja kumkamata nani, na ghafla ananawa. Kamanda anatia saini amri ya kubadilisha namba za nyumba, ananawa. Kamanda anampiga kofi muuza mikate, anageuka, beseni liko hapo, ananawa. Mpiga picha alikusudia kuvikata vipande vyote hivyo, lakini alipoitazama kazi yake alicheka huku ameshika mbavu, akasema hakikatwi hata kimoja. Kamanda wetu ananawa mara kumi na tisa katika dakika arobaini na saba, na marehemu alikuwa akisema kwamba wangekaa mwaka mzima kutunga jambo hilo wasingelipata.

Filamu ilikuwa ioneshwe tarehe 20 Oktoba 1985. Tarehe 18 ofisi ya kamanda iliichukua kuikagua, na asubuhi ya tarehe 19, kwa makubaliano ya wakubwa ambayo hatukuulizwa kama ambavyo hatukuulizwa walipokuja, jeshi lote lilipanda magari na kuondoka, na filamu ikaondoka nalo, na nakala nyingine haikuwepo.

Siku hiyo mji mzima ulimiminika shuleni kwa furaha, na katika darasa la nyuma watu wakakuta magwanda kumi na mawili ya adui yametundikwa, yamepigwa pasi, na ndani ya kila moja utepe mweupe wenye uzi mwekundu. Furaha na hasira zikiwa pamoja haziulizi maelezo. Walikuja kibarazani, wakalitupa benchi mtaroni, cherehani ikavunjwa mguu, na dada yetu akasimama mlangoni akieleza kwamba ni filamu, ilikuwa ni filamu, waulizeni wenzangu. Mpiga picha alikuwa ameufuata msafara wa jeshi kwa baiskeli kudai filamu yake, na mpaka leo hajaonekana tena. Bibi muuza mkaa alisema yeye ni mzee na hakumbuki. Mwalimu alikuwa amesafiri. Kinyozi aliulizwa mbele ya umati, akamtazama dada yetu usoni, akasema simjui huyu kwa habari hizo. Wengine wote wakawa kimya kama maji mtungini, kwa sababu siku zile kukiri kwamba uliwahi kulivaa gwanda lile kungekugharimu meno.

Hapo ndipo lilipotoka jina la Mama Gwanda. Watoto wengi mliokua hapa mmemwita hivyo mkidhani ni heshima ya ufundi, na yeye aliwaitikia, lakini familia inaona leo ni siku ya kusema kwamba lilikuwa tusi. Kwa miaka thelathini na minane aliitwa fundi wa adui, wanaharusi wakapeleka vitambaa mbali, binti mkubwa akapigana shuleni mpaka akafukuzwa, na yule wa mwisho akahama. Marehemu hakutaka kuombwa radhi na mtu, alitaka kitu kimoja tu, filamu ionekane, na alikitafuta kama alivyofanya mambo yote, bila kukaa. Aliandika barua sitini na moja kwa balozi, ofisi za jeshi na nyumba za kumbukumbu, mdogo wake akizipiga chapa, na kila Jumatatu alitembea hadi posta kuangalia sanduku, mvua na jua. Mume wake alifariki tarehe 3 Juni 2009, na hadi mwisho wake kila aliyemletea redio alimwambia sentensi moja, "Mimi nilibeba beseni," watu wakamwonea huruma, wakasema mzee amechanganyikiwa.

Mwaka 2021 marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, na tarehe 11 Machi madaktari wakabaini kwamba moyo umetanuka, wakamshauri akae. Alicheka sana. Tarehe 28 Agosti 2023 mtu wa posta alileta kifurushi kutoka nchi ya jeshi lile, hakina namba ya nyumba wala jina la mtaa, juu yake pameandikwa kwa herufi za kuigiza, "Fundi wa nyumba ya tatu, nyuma ya kiwanda cha sabuni." Ndani mlikuwa na kopo la filamu na barua ya binti wa kamanda, mwalimu wa hesabu, aliyekuwa akitoa vitu katika nyumba ya baba yake baada ya kumzika. Aliandika kwamba baba yake aliwaonesha filamu hiyo sebuleni kila mwaka, akicheka mpaka machozi, akisema mwanamke huyu anatembea kama mimi kuliko mimi mwenyewe, na kwamba anwani ameisoma ndani ya gwanda, mahali ambapo kamanda wa filamu anafungua vifungo akunje mikono anawe. Familia imejaribu kumshukuru bwana yule na imeshindwa, imejaribu kumlaani na imeshindwa pia, kwa kuwa alikipenda kitu cha dada yetu kwa miaka yote hiyo, akakicheka na wanawe kwenye kochi, wakati hapa mwenyewe anatemewa mate dukani.

Kuihamisha filamu kutoka kwenye ukanda wa zamani hadi kwenye kompyuta kulichukua wiki tisa, na marehemu alikuwa tayari amelazwa, wodi ya nne, kitanda cha kumi na moja. Tarehe 7 Novemba, saa nane mchana, binti yake alimwekea kompyuta mpakato mapajani, wauguzi wawili na mgonjwa wa kitanda cha kumi wakasogea, na dada yetu akatazama dakika zote arobaini na saba akiwa amekaa. Wanawe waliokuwepo wanasema walitazama filamu nusu, nusu nyingine walimtazama yeye, kwa sababu hawakuwahi kumwona hivyo. Hakulia, hakusema nilisema mimi, alichosema ni kwamba kola imelala vibaya. Kisha akaomba warudishe sehemu moja, wakarudisha, akaomba tena, na sehemu hiyo si ya kwake, ni ile ambayo askari mwembamba anasimama pembeni na beseni, ametulia tuli, maji hayatikisiki, na anamtazama kamanda kwa jicho ambalo hakuna mpiga picha angemfundisha. Alisema, "Mwoneni mwenzangu. Alisema kweli."

Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kwa moyo kushindwa kufanya kazi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, ameacha watoto watatu, wajukuu saba, na mdogo wake huyu ambaye sasa amefika ukurasa wa tatu.

Familia inamshukuru daktari wa moyo na wauguzi wa wodi ya nne, ambao walimvumilia mgonjwa aliyekuwa akitembeza dripu yake hadi mwisho wa korido na kurudi. Inawashukuru mafundi cherehani wenzake waliosimamisha kazi siku tatu, na mtu wa posta, ambaye hakuhitaji namba. Inawashukuru majirani kwa maji, viti na maturubai, na inawaomba jambo moja zaidi. Shuka lile jeupe lililotundikwa nyuma ya jeneza, ambalo wengi mmelisifu mkidhani ni pambo, si pambo, marehemu alilikunja pindo kwa mkono wake hospitalini jioni ya tarehe 7, na aliagiza kwamba asishushwe kaburini mpaka kila aliyekuja awe ametazama filamu kwenye shuka hilo, kwani alijua mazishi ndiyo shughuli pekee ambayo watu wa mtaa huu wanaona haya kutoka katikati. Bibi muuza mkaa ametangulia, atatazama kutoka huko aliko. Mzee kinyozi, tunakuona hapo karibu na mlango, tafadhali usiinuke, marehemu alikataza usisutwe, alisema ulikuwa mwigizaji mbaya siku zote isipokuwa siku ile uliposema humjui, na kwamba katika kipande cha mwisho unachekesha kweli kweli na wajukuu zako wanastahili kukuona.

Walio karibu na madirisha wavute mapazia. Dakika ni arobaini na saba, na mtakapomwona kamanda ananawa, chekeni, msiogope jeneza, kicheko hicho anakingoja tangu tarehe 20 Oktoba 1985.

Nawe dada, barua zimejibiwa, posta huendi tena, na kuhangaika kwa jina lako kuanzia leo ni kazi yetu sisi. Keti, Kamanda. Keti sasa, dada, upumzike kwa amani.